Saa zisisogezwe tena: sawa, lakini zibaki wapi?

Swali

Daktari, mimi ni Mkenya, nawahudumia wazee katika kituo kimoja hapa St. Paul, Minnesota, shifti ya usiku, kuanzia saa tano hadi saa moja asubuhi. Kila Novemba saa inarudishwa nyuma nami nakesha muda zaidi. Kila Machi inasogezwa mbele, na wanangu wawili wanaamshwa kwa kuburutwa wiki nzima. Kila mwaka nasikia mambo haya yatafutwa, halafu kimya. Kwa nini hayafutwi? Na yakifutwa, tubaki na saa zipi, za majira ya joto au za baridi? Mume wangu anataka za majira ya joto ili jua lichelewe kuzama. Na ile saa ya ziada ya Novemba, je, nalipwa?

Jibu

Dada yangu, nianze na la pesa kwa sababu jibu lake ni fupi: ndiyo, unapaswa kulipwa. Sheria ya kazi ya shirikisho inahesabu saa ulizofanya kazi, hata mshale wa ukutani useme nini. Usiku wa kuamkia Jumapili ya kwanza ya Novemba, ikifika saa nane, saa inarudishwa saba. Ukiingia saa tano usiku na kutoka saa moja asubuhi, tukiacha mapumziko, umefanya kazi saa tisa. Hiyo ya tisa inaingia kwenye jumla ya wiki, na ikikuvusha saa 40 inalipwa kama ovataimu. Vituo vingi vya afya na vya wazee hutumia utaratibu mwingine unaoruhusiwa, wa siku 14, ambapo ovataimu huanza baada ya saa nane kwa siku au 80 kwa wiki mbili. Ukiwa kwenye huo, ile ya tisa ni ovataimu moja kwa moja. Machi ni kinyume chake: unafanya saba, na sheria hiyo haimlazimishi mwajiri akulipe ya nane, ingawa wapo wanaoilipa. Ichukue slipu yako ya Novemba uisome mstari kwa mstari. Kama imeandikwa nane usiku ule, nenda nayo ofisini.

(Saa ninazotaja humu zote ni za Kiswahili. Saa moja asubuhi ni ile simu yako inayoiandika 7:00.)

Sasa tuje kwenye "kwa nini hayafutwi". Hapo umeuliza maswali mawili kwa pamoja, na hata wabunge huyauliza hivyo hivyo. La kwanza ni kama tuache kusogeza saa. Hilo watu wengi wanaliitikia ndiyo, hawahitaji kushawishiwa. La pili ni mshale ubaki wapi tukishaacha, na hapo ndipo miswada yote inapofia. Mimi na mumeo tungepiga kura upande mmoja kwenye la kwanza, kisha tungebishana mpaka chai ipoe kwenye la pili.

Ulaya ndiyo iliyokwama hapo waziwazi kuliko wote. Mwaka 2018 Kamisheni ya Ulaya iliwauliza wananchi kupitia mtandao, yakaja majibu milioni 4.6, na asilimia 84 wakasema kusogeza saa kukome. Tusidanganyane, zaidi ya milioni 3 ya majibu hayo yalitoka Ujerumani peke yake, kwa hiyo kuiita sauti ya Ulaya nzima ni kutia chumvi. Hata hivyo, tarehe 26 Machi 2019 Bunge la Ulaya lilipitisha kwa kura 410 dhidi ya 192 kwamba mwisho uwe 2021. Kilichobaki ni kila nchi kusema itabaki na saa zipi. Hapo serikali zikaanza kutazamana. Ujerumani ikichagua hili na Ufaransa lile, treni, ndege na masoko yanafanyaje? Na Ireland ifanye nini, wakati Ireland ya Kaskazini inafuata saa za Uingereza, ambayo imeshatoka kwenye Umoja wa Ulaya? Mwaka 2021 ukapita kimya. Oktoba 2025 Waziri Mkuu wa Hispania, Pedro Sánchez, alilirudisha mezani, lakini kikwazo ni kilekile.

Kabla sijasema msimamo wangu, tukubaliane saa hizi zinatafuta nini. Kule nyumbani, karibu na ikweta, mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote wa Nairobi vinapishana kwa dakika chache tu, kwa hiyo hakuna mwanga wa kuhamisha kutoka huku kwenda kule. St. Paul iko karibu digrii 45 kaskazini. Mwishoni mwa Juni mchana wake unafika saa 15 na dakika 37 hivi. Mwishoni mwa Desemba zinabaki saa 8 na dakika 46. Karibu saa saba zimeondoka, na zimeondolewa na mwinamo wa dunia. Hakuna bunge linaloweza kuzirudisha. Saa ya ukutani inachoweza ni kuamua giza hilo lilalie upande gani, wa asubuhi au wa jioni.

Historia nitaipitia haraka, ila kuna hadithi moja ya uongo ninayotaka kuifuta: kwamba saa za kiangazi ziliwekwa kwa ajili ya wakulima. (Saa za kiangazi naziita zile za kuanzia Machi hadi Novemba, na saa za kawaida zile za miezi ya baridi.) Mjenzi mmoja wa nyumba Uingereza, William Willett, alizipigia debe kuanzia 1907, akafa 1915 bila kuziona. Nchi ya kwanza kuzitumia ilikuwa Ujerumani, tarehe 30 Aprili 1916, ili kubana makaa ya mawe wakati wa vita, na Uingereza ikaiga wiki chache baadaye. Marekani ilifuata 1918. Wakulima wa Marekani ndio waliozipinga kuliko watu wote, maana umande hukaushwa na jua, na vibarua wanaofuata saa ya mjini walikuwa wakitaka kuondoka kabla kazi haijaisha. Mwaka 1919 Bunge lilizifuta licha ya kura ya turufu ya Rais Woodrow Wilson.

Kilichofuata baada ya Vita vya Pili kinakuhusu wewe hasa, kwa sababu kilele chake kilikuwa mjini kwako. Kila jimbo, na mahali pengine kila mji, ulikuwa unajiamulia lini usogeze saa. Mei 1965 St. Paul iliamua kuanza saa za kiangazi tarehe 9, wakati Minneapolis ilisubiri tarehe ya sheria ya jimbo, yaani 23. Kwa wiki mbili miji hiyo, ambayo kati yake kuna Mto Mississippi na madaraja, ilikuwa na saa mbili tofauti. Mtu aliyelala Minneapolis na kuajiriwa St. Paul alikuwa akitoka kwake saa moja asubuhi na, hata asipokuta foleni, anaingia kazini saa mbili na zaidi. Jioni anarudi na kujikuta amefika karibu wakati uleule alioondoka. Enzi hizohizo kulikuwa na safari ya basi kutoka Moundsville, West Virginia, hadi Steubenville, Ohio, kama kilomita 56 tu, ambayo abiria aliyetaka kwenda na saa za kila mahali alipaswa kuibadilisha saa yake mara saba.

Vurugu hizo ndizo zilizoleta sheria ya 1966 ya kuoanisha saa, ambayo bado inatawala. Msimamizi wake ni Wizara ya Uchukuzi, jambo linalowashangaza wengi, lakini kanda za saa za Marekani zilianzishwa na makampuni ya reli, tarehe 18 Novemba 1883, miongo kadhaa kabla serikali haijazitungia sheria. Kuna kifungu kimoja cha sheria hiyo nataka ukikumbuke kwa sababu nitakirudia: jimbo linaruhusiwa kubaki kwenye saa za kawaida mwaka mzima bila kumwomba mtu. Haliruhusiwi kubaki kwenye saa za kiangazi mwaka mzima. Hawaii hawasogezi saa, na Arizona vilevile, isipokuwa eneo la Wanavajo lililo kaskazini mashariki mwa jimbo hilo. Ndani ya eneo la Wanavajo kuna ardhi ya Wahopi, ambao nao hawasogezi. Ukifika Tuba City mwezi wa Julai, vuka tu barabara uingie Moenkopi, simu yako itarudi nyuma saa moja.

Hoja ya kuokoa umeme haina uzito tena. Indiana ilikuwa na kaunti nyingi zisizosogeza saa hadi 2006, jimbo zima lilipoanza, na watafiti wakapata nafasi adimu ya kulinganisha bili za kabla na za baada. Matumizi ya umeme majumbani yaliongezeka kwa karibu asilimia 1: taa zilipungua, viyoyozi vikazidi. Wizara ya Nishati nayo ilipima zile wiki zilizoongezwa kwenye saa za kiangazi mwaka 2007, ikakuta punguzo la nusu asilimia ya umeme kwa kila siku iliyoongezwa. Kwa vyovyote ni kidogo mno kuwa sababu ya kuwaamsha watoto wako gizani.

Kwa hiyo tunabaki na afya na usalama, na hapo ndipo kazi yangu ilipo.

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya fahamu ya macho inapopishana, kuna kifungu cha seli kama 20,000 kinachoendesha saa ya mwili. Namna saa hiyo inavyojiendesha ndani ya seli ndiyo iliyowapa Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2017. Jambo ambalo watu hawalijui ni kwamba kwa binadamu wengi mzunguko wake unazidi kidogo saa 24, kwa wastani dakika kama kumi hivi. Ikiachwa peke yake, kila siku inataka ulale na kuamka kwa kuchelewa kidogo kuliko jana. Kinachoirudisha kwenye mstari ni mwanga, hasa ule unaoingia machoni asubuhi. Mwanga wa jioni unafanya kinyume: unachelewesha melatonini, homoni ya usingizi, na usingizi wenyewe unachelewa kuja.

Sasa fikiria saa za kiangazi mwezi wa Januari. Zinakunyima mwanga wa asubuhi na kukuongezea wa jioni, na yote mawili yanausukuma mwili upande uleule wa kuchelewa. Lakini kengele ya kuamka haichelewi, basi la shule halichelewi, na bosi hachelewi. Pengo hilo linalipwa na usingizi. Watafiti wawili walilinganisha watu wanaoishi huku na huku ya mipaka ya kanda za saa za Marekani, mahali ambapo majirani wana jua lilelile ila saa zao zinapishana kwa saa moja. Upande wenye mwanga wa jioni zaidi kwa saa moja, watu walilala pungufu ya wenzao kwa wastani wa dakika 19. Hizo ni dakika 19 za kila usiku, mwaka baada ya mwaka. Vijana wa sekondari ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa katika umri wao saa ya mwili huwa imeshachelewa yenyewe. Unapomgombeza kijana wa miaka 15 kwamba ni mvivu wa kuamka, nusu ya kosa ni la baolojia.

Huko kusogeza kwenyewe kwa Machi kuna madhara, sikatai. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2020 ulikuta ajali za barabarani zenye vifo zikipanda kwa asilimia 6 katika wiki inayofuata. Uswidi, katika takwimu zilizochapishwa 2008, mishtuko ya moyo iliongezeka kwa asilimia 5 hivi katika wiki hiyo. Utakutana pia na ile namba ya asilimia 24 ya Jumatatu moja, inayosambazwa kila Machi. Inatoka katika hospitali za Michigan, 2014, na wanaoisambaza husahau sentensi iliyoifuata: jumla ya wiki nzima haikubadilika. Inaelekea wagonjwa ambao wangepata mshtuko Jumatano au Alhamisi waliupata Jumatatu. Kwa mgonjwa huyo ni jambo kubwa, lakini si wagonjwa wapya robo zaidi.

Linganisha basi. Kusogeza saa kunaumiza kwa wiki moja, pengine mbili. Kubaki kwenye saa zisizofaa kunaumiza miezi minne ya kila mwaka. Ndiyo maana siwezi kuungana na yeyote anayesema "futeni tu, zozote zitakazobaki sawa". Zitakazobaki ndiyo habari yenyewe.

Na hatuhitaji kubahatisha, kwa sababu saa za kiangazi za mwaka mzima zimeshajaribiwa na nchi hii hii. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilizuia mafuta, foleni za petroli zikajaa kila mahali, na Rais Richard Nixon akatia saini sheria ya kuweka saa mbele kuanzia tarehe 6 Januari 1974 hadi Aprili 1975. Desemba, kabla haijaanza, asilimia 79 ya watu waliunga mkono. Kisha Januari ikafika. Watoto wakaanza kusubiri mabasi ya shule usiku wa manane wa asubuhi, kama naweza kuuita hivyo, wengine wameshika tochi. Florida watoto kadhaa waligongwa na magari wakienda shule gizani, na Gavana Reubin Askew akaliomba Bunge lirudishe saa za kawaida. Shule nyingine zikasogeza muda wa kuanza masomo, jambo lililoua maana ya zoezi zima. Februari wanaounga mkono walikuwa wamebaki asilimia 42. Agosti Nixon akajiuzulu kwa sababu zake nyingine, na Oktoba Rais Gerald Ford akatia saini sheria ya kurudisha saa za kawaida kwa miezi ya baridi. Jaribio la majira mawili ya baridi halikumaliza hata moja kamili.

Uingereza ilijaribu kuanzia 1968 hadi 1971, na Bunge likalifuta jaribio kwa kura 366 dhidi ya 81. Waskoti walikuwa wamechoka na asubuhi zisizokucha. Urusi chini ya Dmitry Medvedev iliweka saa za kiangazi za kudumu 2011, na Desemba jua la Moscow likawa linachomoza karibu saa nne asubuhi. Mwaka 2014 walirudi nyuma wakabaki hapo, kwenye saa za kawaida za kudumu. Paraguay imechagua za kiangazi za kudumu 2024, lakini hata mwezi wa Juni jua la Asunción halichelewi kama litakavyochelewa kwenu. Mexico, 2022, ilichagua saa za kawaida kwa sehemu kubwa ya nchi, ikaacha miji ya mpakani ifuate Marekani.

Kwenu itakuwaje? Mwanzoni mwa Januari jua la St. Paul linachomoza saa mbili kasoro dakika tisa asubuhi. Kwa saa za kiangazi za kudumu itakuwa saa tatu kasoro dakika tisa. Kuanzia karibu katikati ya Novemba hadi karibu mwisho wa Februari hakutakuwa na siku hata moja ambayo jua litachomoza kabla ya saa mbili. Wanao watavaa mabuti, watasubiri basi, watapanda, watashuka na kuingia darasani bila kuliona jua. Badala yake watapata jioni, jua lizame kama saa kumi na moja na dakika 40 badala ya kumi na dakika 40. Kwa baridi ya Minnesota ya Januari, sioni ni watoto wangapi watakaoutumia mwanga huo nje.

Nimtendee haki mumeo, kwa sababu hoja yake si ya kijinga. Anachokipenda ni Juni, si Januari. Kwa saa za kawaida za kudumu, jua la Juni litachomoza St. Paul saa kumi na dakika 26 alfajiri, watu wote wamelala, na litazama kama saa mbili usiku badala ya saa tatu. Hiyo ni saa nzima ya mpira wa watoto, ya nyama choma uwanjani na ya kutembea kando ya ziwa. Mwanga huo una thamani, na mapazia mazito hayaurudishi jioni. Waislamu wa hapo wana hesabu yao tofauti: swala hufuata jua, na kwa saa za sasa isha ya Juni inawachelewesha sana watu wanaoamka mapema kazini. Saa za kawaida zingeirudisha nyuma saa nzima, ila alfajiri nayo ingerudi nyuma hivyo hivyo.

Nikiyaweka yote kwenye mizani, mpangilio wangu ni huu. Bora zaidi ni saa za kawaida mwaka mzima, msimamo ambao Chuo cha Marekani cha Tiba ya Usingizi kimeutangaza tangu 2020. Baada ya hapo, usishangae, ni kuendelea na usumbufu huu wa sasa, maana angalau unatupa saa za kawaida katika miezi ya giza. Saa za kiangazi za kudumu naziweka mwisho kabisa. Kama Bunge lingeniambia nichague kati ya kusogeza saa milele na saa za kiangazi milele, ningesogeza saa huku nikinung'unika.

Kwa bahati mbaya upepo wa siasa unavuma kuelekea hapo mwisho. Machi 2022 Seneti ilipitisha mswada wa Seneta Marco Rubio wa saa za kiangazi za kudumu bila mtu hata mmoja kupinga. Baraza la Wawakilishi likauacha ukafa. Florida ilikuwa imeshapitisha sheria yake 2018, na majimbo mengi yakafuata, yote yakisubiri Bunge lifungue kile kifungu cha 1966. Rais Donald Trump mwisho wa 2024 aliahidi kuzifuta saa za kiangazi; Machi 2025 akasema ni suala linalowagawa watu nusu kwa nusu; Aprili akataka mwanga zaidi mwisho wa siku, yaani kinyume cha alichoahidi. Kwenye la nusu kwa nusu namuunga mkono. Ndilo jibu la "kwa nini halafu kimya".

Wakati mnasubiri, Machi itakuja. Kwa watoto, anza Alhamisi: walaze dakika 15 mapema kuliko kawaida, na kila siku ongeza kidogo. Jumapili yenyewe usiwaache walale mpaka saa nne. Waamshe, wape uji, watoe nje wakapate mwanga hata kama kuna theluji. Jioni punguza taa na simu. Jumatatu na Jumanne ukiwa barabarani, chukulia kwamba dereva wa mbele yako hajalala vya kutosha, kwa sababu huenda ni kweli.

Kwako wewe wa shifti ya usiku, ushauri wa mwanga wa asubuhi unageuka. Ukitoka saa moja asubuhi hutaki jua likuambie kumekucha, kwa hiyo miwani ya jua njiani na chumba chenye giza ukifika vinasaidia. Ila kama unasinzia kwenye usukani, miwani itazidisha usingizi. Omba lifti, au lala dakika 20 kwenye gari kabla ya kuliwasha. Usiku wa Novemba ule wa saa tisa, lala kidogo jioni kabla ya kuingia. Hatari yako kubwa siku hiyo haiko wodini, iko kwenye barabara ya kurudi nyumbani.

Na kama una kura, au una jirani mwenye kura, hili ndilo la kumwandikia mbunge wa jimbo. Minnesota ni mojawapo ya majimbo yaliyopitisha, mwaka 2021, sheria ya kubaki kwenye saa za kiangazi mwaka mzima Bunge la shirikisho likiruhusu. Yaani jimbo lako limeshachagua upande wa mumeo, na siku Washington ikifungua mlango, hakuna atakayewauliza tena. Mwombe mbunge wako aifute hiyo na alete mswada wa saa za kawaida, ambao hauhitaji ruhusa ya Washington. Lakini mwombe pia auandike kwa sharti kwamba utaanza pale tu Wisconsin na majirani wengine watakapopitisha wao. Kuna watu wengi wanaolala Hudson, Wisconsin, na kuvuka Mto St. Croix kila asubuhi kuja kazini kwenu, na Minnesota ikienda peke yake, hao wataishi Mei ya 1965 kila mwaka, kuanzia Machi hadi Novemba.